Mguu Umeisha Nguvu, au Nyonga Iko Kwenye Mkao Mbaya?

Mtu akishindwa kuinuka kwenye kigoda, au mguu mmoja ukisita kila anapopanda daladala, jibu la haraka mtaani huwa ni kwamba msuli umelegea. Zinafuata dawa za kuchua, maji ya moto na mazoezi aliyoyaona kwenye simu, na miezi inapita. Nafanya kazi ya fiziotherapia hapa Dodoma, na inaniuma kuona watu wakihangaika na msuli usio na kosa lolote. Naomba kabla ya yote ujiulize: nguvu inakosekana nyonga ikiwa katika mkao gani?

Msuli uleule unaweza kuwa imara ukiwa umesimama na kuishiwa ukiwa umechuchumaa. Kuna mambo mawili hapo. La kwanza ni urefu wake. Msuli huvuta vizuri ukiwa na urefu wa wastani. Ukifupishwa kupita kiasi, nyuzinyuzi zake zinakuwa zimeshapandana na hazina tena pa kuvutia. Ukinyooshwa kupita kiasi, zinabaki zimeshikana kidogo tu. La pili ni umbali kati ya mstari ambao msuli unavutia na katikati ya kiungo. Umbali huo hufanya kazi ya mpini wa spana: fundi pikipiki akichomeka bomba kwenye mpini, nati iliyogoma inaachia bila yeye kuongeza nguvu. Nyonga ikikunjwa, ikinyooka au ikizunguka, mipini ya misuli yake inabadilika. Mingine inarefuka, mingine inafupika, na michache inageuka upande kabisa, ikawa inafanya kazi iliyo kinyume na ile ya mwanzo.

Kwa hiyo pima kila udhaifu katika mikao miwili, na pima miguu yote miwili. Ukiwa dhaifu mkao mmoja tu, chanzo mara nyingi ni mkao wenyewe, urefu wa msuli au kano yake. Ukiwa dhaifu mikao yote, fikiria mshipa wa fahamu, kiungo chenyewe au ugonjwa wa mwili. Na tenganisha udhaifu na maumivu, kwa sababu ubongo huuzima msuli unaovuta kwenye kiungo kinachouma, hata kama msuli huo ni mzima.

Kwenye kiti cha juu unainuka, kwenye kigoda huinuki

Hili naliona sana kwa wazee na kwa kina mama wanaopika chini. Bibi mmoja mlimaji wa zabibu kutoka Hombolo aliniambia, "Mwanangu, mguu huu wa kulia ulishakufa." Nikamwomba, "Bibi, hebu tuujaribu kwanza." Kwenye kiti cha kawaida aliinuka bila kushika kitu. Kwenye kigoda alijisukuma mara kadhaa akarudi chini, mkono mmoja umekamata fundo la kanga, mwingine unasukuma goti. Nilitazama miguu yake: visigino vilikuwa mbele ya magoti, na mgongo ameusimamisha wima kabisa.

Ukipima kwa mashine nguvu ya kunyoosha nyonga, inakuwa kubwa nyonga ikiwa imekunjwa karibu nyuzi 90, kisha inapungua kadiri paja linavyonyooka. Maana yake huko chini misuli ina uwezo. Shida ni kwamba mzigo nao unakuwa mkubwa huko chini, na mgawanyo wa kazi umebadilika: msuli mkubwa wa kalio umevutwa na mpini wake umefupika, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi inaangukia misuli ya nyuma ya paja na ule msuli mnene wa ndani ya paja. Watu wengi hawajui kabisa kwamba msuli wa ndani ya paja unasaidia kuinuka.

Rekebisha mkao kabla ya kutafuta zoezi. Vuta visigino nyuma kidogo ya magoti, tanua magoti kiasi, inamisha kifua mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo usukume ardhi. Bibi yule alipofanya hivyo aliinuka, tena akataka arudie. Kisha jenga nguvu kwa kushusha urefu pole pole: anza na kiti chenye mto juu yake, baada ya wiki toa mto, baadaye nenda kwenye stuli, mwisho kigoda. Mara 8 hadi 10 kwa raundi 3, siku 3 kwa wiki, zinatosha kwa kuanzia.

Kama lakini miguu yote miwili inadhoofika taratibu, ngazi zinakushinda, na hata kuinua mikono kuanika nguo kumekuwa kazi, acha mambo ya mkao. Upungufu wa vitamini D, matatizo ya tezi ya shingo na matumizi ya muda mrefu ya dawa za jamii ya steroidi vinaweza kudhoofisha misuli ya mapaja na mabega. Hapo unahitaji vipimo.

Umeinuka, lakini hunyooki wima

Hawa ni madereva wa bodaboda, mafundi cherehani, na siku hizi watumishi wa ofisi za Mtumba wanaokaa tangu asubuhi mpaka jioni. Wakisimama, wanatembea hatua kadhaa wakiwa wamejikunja, kisha kiuno kinaingia ndani na mgongo wa chini unaanza kuuma.

Kukaa kunaiweka nyonga kwenye nyuzi 90 hivi. Ukikaa hivyo saa nyingi kila siku, misuli ya mbele inazoea ufupi. Kutembea vizuri kunahitaji paja liende nyuma ya mwili kwa takriban nyuzi 10 kila hatua. Nyonga isipofika huko, mgongo wa chini unajipinda ili kufidia. Msuli mkubwa wa kalio nao unakosa nafasi yake, maana mpini wake ni mrefu zaidi paja likikaribia kunyooka. Mtu anakuwa na makalio mazima yasiyofika mahali pa kufanyia kazi, kisha anaambiwa makalio yake yamelala.

Jipime hivi. Kaa kwenye ukingo wa kitanda kigumu, kumbatia goti moja kifuani, ulale chali mpaka kiuno kiguse kitanda. Acha mguu mwingine uning'inie. Paja lake likibaki hewani, misuli ya kukunja nyonga imefupika, hasa ule wa ndani kabisa unaotoka kwenye pingili za kiuno, unaoitwa iliopsoasi. Paja likishuka sawasawa lakini goti likajinyoosha lenyewe, ni msuli mrefu wa mbele ya paja, ambao unavuka nyonga na goti kwa pamoja. Kipimo hiki kina jina la Hugh Owen Thomas, daktari wa mifupa wa Wales wa karne ya 19, na hadi leo hakijapata mbadala wa bei rahisi zaidi.

Tiba yake ina sehemu mbili, na wengi hufanya moja tu. Piga goti moja chini juu ya mkeka, kaza kalio la upande huohuo, sogeza mwili mbele bila kupinda mgongo, tulia sekunde 30. Mara baada ya hapo lala chali, kunja magoti, nyanyua kiuno na ushikilie juu. Kunyoosha bila kuupa msuli kazi kwenye nafasi mpya hakudumu. Dereva wa bodaboda anaweza kufanya sehemu ya kwanza kijiweni akisubiri abiria, mguu mmoja nyuma, amesimama.

Ukinyanyua kiuno, nyuma ya paja inakamata

Visigino viko mbali mno na makalio. Misuli ya nyuma ya paja inavuka nyonga na goti, na ukiweka miguu mbali inabeba sehemu kubwa ya kazi, wakati huohuo nyonga ikizidi kunyooka na kuifupisha, na msuli uliofupishwa huku unakazwa hukamata kwa urahisi. Sogeza visigino karibu na makalio. Misuli ya nyuma ya paja itapungukiwa na kazi, kalio litachukua zamu yake. Ukikazana kupandisha kiuno juu zaidi ya usawa wa mapaja, utakuwa unatumia mgongo.

Kiuno kinaanguka upande mmoja ukitembea

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ni hapa ambapo mkao unadanganya watu na hata wanaotibu.

Simama mbele ya kioo kwa mguu mmoja kwa sekunde 30. Upande wa mguu ulioinuliwa ukishuka, au ukilazimika kuegemeza kifua juu ya mguu uliosimamia, misuli ya pembeni ya nyonga iliyosimama haimudu. Friedrich Trendelenburg wa Ujerumani aliieleza dalili hii mwaka 1895. Mzigo wa misuli hiyo si mdogo. Uzito wa mwili unavuta kutoka mbali, misuli inavuta kutoka karibu, umbali wake ukiwa kama nusu tu. Kwa hiyo mtu wa kilo 70 akisimama kwa mguu mmoja, misuli ya pembeni inavuta kwa nguvu inayokaribia mara mbili ya uzito wake, na hilo linatokea kila hatua.

Sasa mtego. Watu huipima misuli hii kwa kulala ubavu na kuinua mguu juu kabisa. Lakini nguvu ya kutanua nyonga ni kubwa mguu ukiwa katikati au umeingia kidogo ndani, na inapungua mfululizo kadiri mguu unavyotanuka. Ukipima juu kabisa, hata mcheza mpira ataonekana dhaifu. Na mguu ukiteleza mbele hata kidogo, ule msuli mdogo wa mbele ya nyonga unachukua kazi, nawe unadhani umepima kile ulichokusudia. Lala ubavu mgongo ukigusa ukuta, kisigino kikiteleza ukutani, vidole vikitazama mbele. Inua kiasi tu, mtu akusukume chini kwa kiganja, kisha linganisha na upande wa pili.

Ukigundua tofauti, zoezi hilohilo la ukutani ndilo tiba ya mwanzo. Baadaye simama kwenye ngazi, mguu mmoja ukining'inia pembeni, ushushe na kuupandisha upande mmoja wa kiuno bila kukunja goti ulilosimamia.

Wakati unajenga nguvu, punguza mzigo kwa akili. Fimbo inashikwa mkono wa upande wa pili wa nyonga mbovu, ingawa kila mzee ninayemwona anaanza kuishika upande unaouma. Ndoo ya maji ni kinyume: ukiibeba kwa mkono, iwe upande uleule wa nyonga mbovu, kwa sababu upande wa pili inaongeza kazi ya misuli iliyochoka. Kwa anayechota maji mbali mara kadhaa kwa siku, badiliko hilo moja linaonekana ndani ya siku chache.

Kuna hali moja ambapo mkao wenye nguvu ndio unaoumiza. Mama mwenye umri wa miaka 40 kwenda juu anaumwa kwenye mfupa unaojitokeza pembeni ya nyonga, usiku halalii ubavu huo, na kupanda ngazi kunamchoma. Hapo kano za misuli ya pembeni zimechoka, na kila paja linapoingia ndani zinakandamizwa kwenye mfupa. Ndiyo maana kukunja nne kitini, kusimama huku umeegemea mguu mmoja, na kulala ubavu goti la juu limeangukia godoro vinamzidishia. Aache hayo, aweke mto kati ya magoti usiku, na asivute paja ndani kwa jina la kunyoosha. Mazoezi aanze kwa kukaza bila kusogeza mguu, miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega.

Mfupa wa kukalia unauma baada ya kulima au kukimbia

Angalia anayepandikiza mpunga Bahi au anayepalilia kwa jembe la mkono: magoti karibu yamenyooka, nyonga imekunjwa kabisa, saa baada ya saa. Misuli ya nyuma ya paja imevutwa hadi mwisho, na kano yake imebanwa kwenye mfupa wa kukalia. Anapoinuka ghafla, msuli unatakiwa kuvuta ukiwa katika urefu wake mbaya kuliko wote. Wanaokimbia asubuhi kwenye miinuko ya Dodoma hupata maumivu hayohayo, na kiti kigumu kinayaamsha.

Kosa ninalolikuta kila mara ni kunyoosha zaidi. Mtu anahisi paja limekaza, anainama kugusa vidole, na kano inabanwa upya palepale. Acha kuinyoosha kwa muda. Kaza msuli huo ukiwa chali, kiuno juu, bila kusogea, mara kadhaa kwa siku, ndipo baada ya wiki kadhaa uanze kuinama taratibu ukiwa na mzigo mdogo. Shambani kunja magoti kidogo, refusha mpini wa jembe, na usimame wima kila unapomaliza mstari.

Paja halipandi zaidi ya usawa wa kiuno

Unaweza kutembea vizuri, lakini kupanda nyuma ya Fuso kunakulazimu uinue paja kwa mikono. Kaa kitini, mgongo wima, inua goti moja lipite usawa wa nyonga, mtu alisukume chini taratibu. Hadi nyuzi 90 kuna misuli kadhaa inayosaidia. Kupita hapo mingi imeshafupika mno, inabaki iliopsoasi kubeba karibu peke yake. Ukishindwa hapo juu tu, mpe huyo kazi: kaa vilevile, inua goti, lishikilie juu sekunde 5, bila kuegemea nyuma. Zoezi la kuinua mguu ulionyooka ukiwa umelala halitakusaidia sana, linamtumikisha jirani yake wa mbele ya paja, ambaye kwa mkao huo amefupishwa nyonga na goti kwa wakati mmoja na hukamata upesi.

Kinena kinauma, na nguvu ya kubana inabadilikabadilika

Misuli ya ndani ya paja ina tabia ya pekee. Nyonga ikiwa imenyooka, ule mrefu wa mbele unasaidia kukunja nyonga. Nyonga ikikunjwa sana, uleule unasaidia kuinyoosha. Ndiyo maana mkimbiaji anaumia kinena mwanzo na mwisho wa hatua. Akina mama wa Kigogo wanaopiga muheme wanaibana ngoma katikati ya mapaja huku wakicheza, nyonga zikikunjwa na kunyooka bila kuachia. Ni kazi kubwa kuliko mazoezi mengi ya kinena ninayoyatoa.

Kwa wachezaji wa mpira tunapima kwa kubana ngumi kati ya magoti katika mikao mitatu: miguu imenyooka, nyonga nyuzi 45, na nyuzi 90. Usilinganishe matokeo ya mkao mmoja na ya mwingine, linganisha wiki hii na wiki iliyopita katika mkao uleule. Ukiuma mmoja tu, fanya mazoezi katika ile miwili isiyouma kwanza.

Suala la kuzungusha paja nalipita haraka. Msuli wa piriformisi, uliojificha ndani ya kalio, huzungusha paja nje nyonga ikiwa imenyooka. Nyonga ikikunjwa nyuzi 90 unageuka na kulizungusha ndani. Nguvu ya kuzungusha ndani nayo ni kubwa zaidi ukiwa umekaa kuliko ukiwa umenyooka. Kwa hiyo zoezi la kitini halimwandai mtu kwa mzunguko anaouhitaji akiwa amesimama.

Hapa usipoteze muda na mikao

Nyonga yenye maji au usaha ndani hujiweka yenyewe: imekunjwa kiasi, imetanuka, imezunguka nje, kwa sababu ndipo mfuko wa kiungo una nafasi kubwa. Mtoto mwenye homa aliyelaza mguu namna hiyo na hataki uguswe apelekwe hospitali leo hii. Kijana wa miaka 10 hadi 16 anayechechemea mguu umegeukia nje, hata kama analalamikia goti, apigwe picha ya nyonga. Maumivu ya nyonga hupenda kujitokeza kwenye goti. Mwenye selimundu akianza kuumwa kinena, kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kinakosa damu. Mzee aliyeanguka, mguu ukawa mfupi na umelalia nje, amevunjika mpaka picha iseme vinginevyo, asisimamishwe.

Maumivu ya nyonga yanayozidi usiku, pamoja na kukonda au kikohozi kisichoisha, yachunguzwe kifua kikuu. Mguu unaoburuta vidole baada ya sindano ya kalio ni jeraha la mshipa wa fahamu, wala kuchua hakutausaidia. Na ganzi sehemu za siri pamoja na kushindwa kukojoa ni dharura ya saa, si ya siku.

Kwa Dodoma mjini anzia kituo cha afya kilicho karibu au General, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Kutoka huko unaweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa. Ukifika kwa mtaalamu, usiseme tu mguu hauna nguvu. Mwambie unashindwa ukiwa umekaa, umechuchumaa, umesimama au umelala, upande gani, na unapoanza kuinuka au unapomalizia, kisha umwonyeshe mkao wenyewe palepale kwenye chumba.